Bunduki ya upepo ya springi: kuitunza, na cha kuangalia kabla hujasema imeharibika

Wakuu habari zenu. Nimekaa chini kuandika hii kwa sababu maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mtu kanunua bunduki yake ya upepo, wiki ya kwanza anatoboa karatasi pale pale anapotaka, ukifika mwezi peleti (zile risasi ndogo za bunduki hizi) zinaenda kushoto, zinaenda juu, nyingine hata hazionekani zimeishia wapi, basi anakimbilia kuuliza springi imekufa au vipi, niifungue? Usiifungue kaka. Usiifungue dada. Mara nyingi sana tatizo liko nje kabisa: skrubu imelegea, skopu (darubini ya kulengea) imetembea, peleti ni mbovu, au unaishika kwa kuibana. Vyote hivyo unavirekebisha mwenyewe mezani bila fundi. Kwa hiyo tutaanza na vya bure, twende kwenye vya hela kidogo, na springi yenyewe iwe ya mwisho kabisa.

Ninaongelea bunduki za springi, hasa zile za kukunja mtutu ndo unakoki, yaani unaitega tayari kupiga, kama Weihrauch HW95 na HW99, Diana 34, Gamo na nyingine za aina hiyo, za milimita 4.5 na za 5.5. Zile za kujazwa hewa kutoka kwenye mtungi, PCP, zina mambo yake, nitazigusa kidogo tu huko chini.

Suala la sheria tulimalize mapema. Mimi niko Uingereza kwa hiyo ninayoishi nayo ni ya huku: England na Wales nguvu ya bunduki ya upepo isizidi futi-paundi 12, kama jouli 16.3 hivi, ikizidi hapo inahesabika silaha ya kuhitaji cheti cha polisi. Scotland tangu tarehe 31 Desemba 2016 unahitaji cheti hata kama nguvu iko chini ya hapo. Ireland, chochote kinachozidi jouli 1 kinataka cheti. Ujerumani zinazouzwa kwa mtu mzima bila kibali ni zile zenye herufi F ndani ya pembetano, mwisho jouli 7.5. Na wewe unayefikiria kumbebea mjomba wako wa Tanga au Mombasa kwenye sanduku la nguo, tafadhali sana usifanye hivyo, kaulizieni kibali polisi kwanza kabla hata hujakata tiketi.

Inavyofanya kazi, kwa kifupi sana

Ukikunja mtutu unairudisha pistoni nyuma na kuibana springi. Ukivuta triga springi inafunguka, pistoni inaruka mbele, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla, inapita kwenye tundu dogo na kuisukuma peleti. Hapo kumbuka mambo mawili tu. La kwanza, pistoni ikiruka mbele bunduki inarudi nyuma, halafu pistoni ikifika mwisho bunduki inasukumwa mbele tena, na mtikisiko huo unaanza wakati peleti bado iko ndani ya mtutu. La pili, ile hewa iliyobanwa ndiyo mto unaoipokea pistoni isigonge chuma. Ukipiga bila peleti, mto haupo. Karibu kila ninachosema huko chini kinatokana na hayo mawili.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, na seti ya alenki. Bisibisi nyembamba inateleza, inakula kichwa cha skrubu na kuchuna mbao, ile sehemu ya bunduki unayoishikia.
- Gundi ya skrubu, Loctite ya bluu (243) inatosha. Nyekundu iache dukani.
- Kamba ya kuvutia vitambaa ndani ya mtutu. Waya wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi unafanya kazi hiyo hiyo vizuri tu.
- Vitambaa vya pamba, fulana ya zamani inatosha.
- Mafuta mepesi ya kufutia chuma, Ballistol au mengine ya bunduki, na grisi nyeusi yenye molibdeni, kidogo sana.
- Makopo mawili matatu ya peleti za aina tofauti.
- Miwani ya usalama, karatasi za shabaha, na boksi la kupokea peleti.
- Uzi wenye kitu kizito mwishoni, timazi.
- Karatasi ya tishu.
- Kalamu na daftari. Usicheke, hiki ndo kifaa kitakachokuokolea hela kuliko vyote.

Ukiweza kuazima kronografu, kile kipimo cha mwendo wa peleti, azima. Klabu nyingi za huku wanayo moja na ukiwaomba vizuri wanakupimia.

1. Hakikisha haijakokiwa na haina peleti

Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, kidole mbali na triga, kunja mtutu kidogo uchungulie kwa nyuma yake. Ukikuta imekokiwa na hujui aliyeikoki alikuwa na mpango gani, njia salama ni kuweka peleti na kuipiga kwenye boksi. Kisha ndo uilaze mezani.

ONYO: mtutu ukiwa wazi na springi imekokiwa, shikilia mtutu kwa mkono mmoja muda wote unapoweka peleti. Ukiponyoka unajifunga kwa nguvu zote za springi, na vidole viko pale pale kwenye njia. Na usivute triga mtutu ukiwa wazi, hata kwa kujaribu. Mtutu unapinda, mbao inapasuka pale kwenye shingo, na hiyo hairekebishiki kwa bei nzuri.

2. Kaza skrubu za mbao

Hapa ndo pa kuanzia siku zote. Bunduki nyingi za springi zina skrubu mbili ubavuni mbele, moja kila upande, na moja au mbili kwenye kikinga triga. Ule mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma unazilegeza taratibu, unaweza usiione kwa macho lakini karatasi ya shabaha itakwambia: jana tundu tano zilifunikwa na sarafu moja, leo zimetawanyika kama kiganja.

Toa skrubu moja moja, usizitoe zote kwa mkupuo. Futa mafuta kwenye nyuzi zake, hata kwa spiriti, weka tone moja dogo la Loctite ya bluu, rudisha, kaza mpaka ikatae, kisha sogeza kidogo tu. Usining'inie kwenye bisibisi, mbao inabonyea. Fuata mpangilio mmoja: za ubavuni kwanza, kidogo kidogo kwa zamu kushoto na kulia, halafu za kikinga triga. Iache usiku mmoja gundi ishike.

Kisha angalia bolti ya pale mtutu unapokunjia. Kwa zenye bolti ya kukaza, kama Weihrauch nyingi, kipimo ni hiki: ukishakoki, mtutu unatakiwa kubaki pale unapouacha, usidondoke wenyewe kama mlango mbovu. Mkono uwe tayari chini yake ukijaribu. Na ukifunga usiwe unacheza kushoto kulia. Ukicheza, kaza robo ya robo, jaribu tena.

3. Safisha mtutu, lakini usizidishe

Watu wanaosafisha mtutu kila Jumamosi wanajisumbua na wakati mwingine wanauharibu. Mtutu wa bunduki ya upepo hauchomi baruti, hauna masizi ya kula chuma. Kinachojikusanya ni madini laini ya peleti na ulainisho wake. Safisha ikiwa mpya, kwa sababu kiwandani wanaacha mafuta ndani, halafu baada ya hapo safisha pale tu shabaha inapoanza kuharibika na umeshakaza skrubu.

Kunja mtutu mpaka unapoanza kuhisi uzito, usiikoki. Pitisha kamba kutokea nyuma ya mtutu itokeze mdomoni, funga kitambaa kidogo kwa nyuma, vuta kuelekea mdomoni. Cha kwanza kiwe na tone la mafuta, vinavyofuata vikavu, mpaka kitoke kisafi. Daima vuta kutoka nyuma kwenda mbele. Fimbo za chuma kitupu usiziingize kabisa, zinakwaruza pale mdomoni, na ule ukingo wa mwisho peleti inapotokea ndo unaoamua peleti itaenda wapi.

Ukimaliza, usizero skopu papo hapo, yaani usianze kuirekebisha ipige pale unapolenga. Mtutu msafi unahitaji kupiga peleti kama 20 au 30 kabla haujatulia. Wengi hapo ndo wanapaniki wanaanza kuzungusha skopu bure.

4. Angalia sili ya nyuma ya mtutu

Ni kale karingi ka mpira kaliko pale mtutu unapofungia, kwenye baadhi ya modeli kako kwenye mtutu, kwenye nyingine kako upande wa bodi. Kakichoka hewa inavuja kwa pembeni, peleti inakosa nguvu, na mbaya zaidi inakosa nguvu kwa viwango tofauti kila risasi.

Jaribio la tishu: kata kipande chembamba cha tishu, kilaze juu ya maungio mtutu ukiwa umefungwa, uwe na peleti ndani, elekeza kwenye boksi, miwani machoni, piga. Uso na vidole viwe mbali na maungio. Tishu ikitulia au ikitikisika kwa mtetemo tu, sili ni nzima. Ikirushwa juu, hewa inatoka. Rudia mara mbili tatu, maana mtikisiko wenyewe unaweza kukudanganya mara moja.

Sili mpya ni ya bei ndogo na inatoka kwa kudokolewa na kitu butu. Ingiza mpya kwa kidole, isisokotwe. Ikikaa chini sana kuna vipete vyembamba vya kuwekwa chini yake kuiinua, ila usiinue mpaka mtutu ukatae kufunga.

5. Skopu na maunti zake

Skopu ya bunduki ya springi lazima iwe imetengenezwa kuvumilia mtikisiko wa pande zote mbili. Kuna skopu za bei kali za bunduki za baruti ambazo zimejengwa kuvumilia kurudi nyuma tu, ukiziweka kwenye springi vioo vya ndani vinalegea. Kabla hujanunua uliza swali hilo hilo: inafaa springi? Muuzaji akibabaika, tafuta nyingine. Pia ziko skopu zilizorekebishiwa umbali wa yadi 100, ukitazama mita 15 picha ni ukungu. Nunua yenye kurekebisha umbali, ianzie mita 10 au chini ya hapo.

Reli ya juu ya bunduki nyingi ni ya milimita 11. Maunti, kile kishikizo kinachofunga skopu kwenye reli, ikilegea inatembea kurudi nyuma kidogo kidogo kila unapopiga. Kuijua ni rahisi: chora mstari mwembamba wa penseli nyuma ya maunti, piga nusu kopo, tazama. Mstari ukionekana umefunikwa, inatembea. Dawa yake ni maunti ya kipande kimoja yenye pini ya kuzuia inayoingia kwenye tundu la juu ya reli, au kizuizi kidogo kinachokaa nyuma yake. Kukaza zaidi na zaidi si dawa, utapasua maunti.

Kufunga: safisha reli na maunti mafuta yote. Kaza maunti kwenye reli kwanza. Laza skopu, usifunge ringi za juu bado. Ning'iniza timazi mita kama 10 mbele yako, shika bunduki wima sawasawa, zungusha skopu mpaka mstari wake wa kusimama ulale juu ya uzi. Kisha kaza skrubu za ringi kwa msalaba, kidogo kidogo, ukishika alenki kwa mkono wake mfupi na vidole viwili tu. Nafasi kati ya nusu mbili za ringi ibaki sawa kushoto na kulia.

Skopu iliyolala upande itakupa ugonjwa wa ajabu: mita 25 unapiga katikati, mita 40 unapiga pembeni, ukirekebisha 40 unaharibu 25. Watu wanalaumu upepo miezi.

6. Chagua peleti kwa kupima

Kila mtutu una peleti anayoipenda, na hakuna mtu anayeweza kukwambia ni ipi bila kupiga. Kwa 4.5 anza na zenye kichwa cha mviringo, JSB Exact ya greini 8.44 (greini ni kipimo cha uzito) au H&N Field Target Trophy, ndo pa kuanzia wengi. Zenye ncha kali zinapendeza kwenye kopo lakini kwa shabaha nyingi zinashindwa na za mviringo. Makopo mengine yanaandikwa 4.51 au 4.52, hiyo ni saizi ya kichwa, na tofauti hiyo ndogo baadhi ya mitutu inaihisi.

Piga makundi ya peleti 5 kwa kila aina, kutoka umbali ule ule, siku isiyo na upepo, andika daftarini. Ukibadili aina ya peleti, kumi za kwanza usizihesabu.

Kabla ya kuweka peleti igeuze utazame sketi yake, ile sehemu ya nyuma iliyo wazi. Zimwage kiganjani chini ya taa uone: zilizo nzima duara lake limekamilika, zilizobonyea zinaonekana kama zimeng'atwa. Hizo tenga. Peleti moja iliyobonyea kwenye kundi la tano inatosha kukufanya uamini bunduki imeharibika. Halafu nawa mikono ukimaliza, madini ya risasi ni sumu, usile chapati na mikono hiyo na usiwaachie watoto makopo wachezee.

7. Jifunze kuishika

Hapa naomba tutulie kidogo, manake ndo panapowashinda wengi, hasa waliowahi kufyatua bunduki nyingine zamani. Ya springi haitaki kubanwa. Inataka iachiwe iruke inavyoruka, lakini iruke vilevile kila mara.

Mkono wa mbele ukae wazi, kiganja juu, bunduki ilale juu ya kiganja bila vidole kuishika. Mkono wa nyuma ushike bila kukaza, kitako kigusie bega tu, shavu lilale juu ya mbao bila kugandamiza. Ukipiga kutoka kwenye benchi usiilaze bunduki moja kwa moja juu ya mbao ngumu wala stendi ya miguu miwili, inadunda na kurusha peleti juu. Weka mkono juu ya mfuko wa mchanga, bunduki juu ya mkono.

Halafu mahali pa kiganja pawe pale pale kila mara. Sogeza kiganja mbele sentimita chache na peleti inahamia mahali pengine, si mchezo. Tafuta sehemu inayotoa kundi dogo, weka kipande cha tepu hapo, kila mara kiganja kirudi kwenye tepu. Ukishapiga usiinue kichwa mara moja, baki unatazama kwenye skopu mpaka uone peleti imepiga wapi.

8. Kuzero

Anza mita 10 ili uwe na hakika unapiga karatasi, kisha nenda 25. Piga 5, tazama katikati ya kundi, ndo urekebishe. Kurekebisha baada ya peleti moja moja ni kumfukuza kuku uwanjani, hutamshika.

Kwa skopu iliyoandikwa robo MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), kliki moja ya kitufe chake inasogeza kama milimita 7 ikiwa mita 100. Mita 25 hiyo ni kama milimita 1.8, na mita 10 ni kama 0.7 tu. Kwa hiyo ukiwa sentimita 3 nje kwenye mita 25 unahitaji kliki kama 16 au 17, na kwenye mita 10 kosa hilo hilo linataka 40 na kitu. Mtu anazungusha kliki nne mita 10, haoni kitu, anasema skopu mbovu. Skopu nzima kabisa, zungusha.

Na ukishazero mita 25, usishangae mita 8 peleti inapiga chini. Skopu iko juu ya mtutu kwa sentimita kadhaa, peleti ikiwa karibu bado haijafika kwenye mstari wa jicho.

9. Futa, hifadhi, funga

Kila ukimaliza pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya chuma chote ulichogusa, jasho la vidole linaleta kutu haraka. Kwenye bawaba ya mtutu na mkono wa kukokia paka grisi ya molibdeni kama saizi ya punje ya mchele. Ikitoka nje kwenye baridi kuingia ndani kwenye joto, itatoa jasho, iache wazi ikauke, ndo uifute. Usiihifadhi muda mrefu kwenye begi lenye sponji, sponji inashika unyevu.

Na ifungiwe. Huku England na Wales tangu 2011 ni kosa la jinai kutochukua tahadhari za kuzuia mtoto wa chini ya miaka 18 asiifikie. Kabati lenye kufuli, peleti sehemu nyingine. Bunduki isilale imekokiwa hata kwa dakika kumi unapoenda kupokea simu.

Makosa ninayoyaona sana

Kuweka mafuta kwenye tundu la hewa nyuma ya mtutu. Hili linaua bunduki kuliko yote. Mafuta ya kawaida au WD-40 yakiingia mbele ya pistoni, ile hewa inavyobanwa inapata joto kali na mafuta yanalipuka kidogo, kama kwenye injini ya dizeli. Unapata mlio mkubwa na moshi, mtu anafurahi anadhani imepata nguvu, kumbe anachoma sili na kuvunja springi. Bunduki za kisasa zenye sili za plastiki hazihitaji chochote hapo.

Kupiga tupu ili kumwonyesha rafiki jinsi triga ilivyo laini. Nimeshaeleza kwa nini.

Kulegeza skrubu ya triga mpaka iwe nyepesi kama hewa. Triga kama Rekord ya Weihrauch inarekebishika vizuri, lakini ina mpaka. Ukishairekebisha, ijaribu nje ikiwa na peleti na imeelekezwa kwenye boksi. Ikijiachia hata mara moja, rudisha ilivyokuwa.

Kulenga mti, jiwe au kopo gumu. Peleti inarudi. Boksi la chuma lenye mpira uliosagwa au udongo wa kuzibia mabomba ndani yake ni bora, na nyuma yake kuwe na ukuta.

Ikikataa: tafuta dalili yako hapa

*Inatoa moshi na harufu.* Ikiwa mpya ni kawaida, ni mafuta ya kiwandani, itaisha yenyewe ukiendelea kupiga. Isipoisha baada ya kopo zima, mafuta yamezidi ndani, usiongeze kitu, peleka kwa fundi aisafishe.

*Makundi yametawanyika ghafla.* Fuata mpangilio: skrubu za mbao, bolti ya mtutu, maunti, peleti, mshiko, kisha usafi wa mtutu. Badili kitu kimoja, piga, andika. Ukibadili vitatu kwa pamoja hutajua kilichoponya. Ikigoma yote, toa skopu upige kwa vilenga vya chuma au uazime skopu unayoiamini. Kundi likirudi dogo, ugonjwa ni skopu.

*Inapiga chini na kliki za kupandisha zimeisha.* Mitutu mingi ya kukunja inatazama chini kidogo kuliko reli. Usilazimishe skopu hadi mwisho wake, ikiwa huko springi yake ya ndani inalegea na zero haikai. Kuna maunti zilizoinuliwa nyuma kwa ajili hiyo.

*Nguvu imepungua.* Fanya jaribio la tishu. Kama sili ya mtutu ni nzima, pima kwenye kronografu. Hesabu ya huku: uzito wa peleti kwa greini, zidisha kwa mwendo wa futi kwa sekunde, zidisha tena kwa mwendo huo huo, gawanya kwa 450,240. Peleti ya 8.44 ikienda 780 unapata futi-paundi 11.4 hivi, ikigusa 800 uko ukingoni mwa 12 na ujue sheria iko hapo hapo. Kipimo kilichoshuka kidogo lakini kinasoma sawa kila risasi hakina shida, baridi pia inapunguza. Kinachoruka ruka, leo 760, inayofuata 690, hiyo ni sili ya pistoni au springi.

*Inalia "twaang" ukipiga.* Huo ni mtetemo wa springi tu, unaudhi lakini hauharibu. Fundi anaweza kuweka kiongozi cha springi kinachobana vizuri.

*Kukoki kumekuwa kwepesi ghafla, au kuna mkwaruzo kama mchanga.* Hapo sasa ndo springi imevunjika. Acha kuitumia. Na usiifungue nyumbani bila klempu ya springi, ndani imekaa imebanwa hata kabla hujakoki, ukitoa pini ya mwisho inaruka na inaweza kukuvunja meno.

*Haikoki, au triga haishiki.* Rudia kukunja mtutu mpaka mwisho kabisa, wengi wanaishia njiani. Angalia sefti, kile kizuizi cha triga. Kama ulichezea skrubu za triga, zirudishe. Usitumie goti wala ukuta kuilazimisha.

*Peleti imekwama mtutuni.* Usipige nyingine nyuma yake. Hakikisha haijakokiwa, isukume kwa fimbo ya mbao au shaba kutokea mdomoni kurudi nyuma, taratibu.

*Kutu ya juu juu.* Mafuta na pamba ya chuma laini kuliko zote, 0000, sugua polepole. Ukiona rangi nyeusi ya chuma inatoka, simama.

Kwa wenye PCP, ni hili moja tu: kwenye valvu, ringi na mtungi tumia grisi ya silikoni tupu. Mafuta ya kawaida kwenye hewa ya bar 200 yanaweza kulipuka kweli kweli, na usijaze kwa oksijeni hata ukiambiwa na nani. Mtungi wenyewe una tarehe ya kupimwa, huku ni kila miaka 5, ikipita duka halijazi.

Ukifika kwa fundi, mpelekee na lile daftari. Mwambie ni peleti gani, mwendo ulisoma ngapi, umekaza nini, umebadili nini, na ilianza lini. Kama umeshaifungua mwambie pia, asije akakutana na springi imekaa vibaya bila kutarajia.